Mtini Ulioinama Saa Sita

Jani lilikuja ofisini kwetu Rangwe likiwa limefungwa kwenye pembe ya leso. Mama aliyelileta alikaa nalo kwenye benchi asubuhi nzima, akiwapisha watu wa mahindi na watu wa ng'ombe, mpaka tukabaki yeye na mimi. Ndipo akalifungua fundo. Lilikuwa jani pana, lenye vidole kama mkono, limegeuka njano kingoni na kutapakaa madoa ya rangi ya udongo. Aliniuliza kama naujua mti wake. Nilimwambia ni mtini. Aliniuliza kama serikali inaweza kusema ni nini kinachouumiza.

Serikali ilikuwa mimi. Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati, nilikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani mwenye cheti, kioo cha kukuzia vitu vidogo nilichokining'iniza shingoni kwa kamba, na maringo yasiyotoshana na mshahara. Watu waliniita madam, nami nilipenda. Mama yule na mimi tulikuwa Wajaluo sote, lakini alishikilia kuzungumza nami Kiswahili chake cha sokoni, kwa sababu aliyekuja kwa serikali hakuja kupiga porojo za nyumbani. Nilimjibu kwa Kiswahili vilevile, nikajiona nimeongezeka kimo.

Boma lake lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka barabara ya Homa Bay. Lilikuwa na nyumba tatu: yake, ya mwanawe mkubwa na ya mwanawe mdogo. Mtini ulikuwa mbele ya nyumba ya mwana mkubwa, upande wa kulia, na hatua mbili kutoka kwenye shina palikuwa na kaburi lake, limezungushiwa mawe, udongo ukiwa bado umeinuka. Sikuwa nimeambiwa habari ya kaburi. Nilisimama nalo katikati yangu na mgonjwa niliyekuja kumtazama, na mguu wangu mmoja ukarudi nyuma wenyewe.

Marehemu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua Rusinga akauza Migori, na katika safari hizo Rusinga ilimpa mke na Migori ikampa mtini. Ulitoka ua wa nyuma wa duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa mteja wake, ukiwa kijiti chenye mizizi ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Aliupanda kwa mkono wake, akaumwagilia maji aliyooshea miguu jioni, akawaambia watu wa nyumbani kwamba siku moja watakula tunda la Biblia bila kwenda kokote. Hakulila. Aliugua, akakonda, na akafa siku moja saa sita mchana, mlango ukiwa wazi, akiutazama mti huo. Walipomzika kando yake, majembe ya wachimbaji yalikata mizizi kadhaa, lakini mwaka uliofuata mti ukazaa kwa mara ya kwanza. Mama yake alilia aliponisimulia hayo. Alikula tini tano za kwanza peke yake, akasema mwanawe amefika salama.

Kwetu mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi, na jina hilo halina utani ndani yake. Mpaka ndugu ya mumewe amrithi kama mke na kumtakasa, haingii nyumba za watu, na boma lote linamsubiri: mbegu haiingii shambani kabla mambo yake hayajatengenezwa. Anayevunja mpango huo analeta chira, ugonjwa wa kukonda na kukonda, nao haumshiki aliyekosa peke yake, hushika hata watoto. Mke wa marehemu, ambaye kila mtu alimwita nyar Rusinga, binti wa Rusinga, alikuwa amewaomba wangoje. Alingojewa mwaka, kisha miezi kadhaa. Mavyaa yake hakuwa katili; nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana nikisimulia kisa hiki watu humrukia yule mama. Ni yeye aliyewazuia wazee wa ukoo. Aliwaambia kwamba maadamu mti wa mwanawe unachanua, mwanawe hajalalamika, na yeye hatamsukuma mke wa mtu asiyelalamika.

Kisha mti ukaanza kuinama.

Nilishuhudia mwenyewe siku ile ya kwanza. Nilifika saa nne ukiwa umesimama vizuri. Kadiri jua lilivyopanda, majani yalilegea, vikonyo vikapinda, na ilipofika saa sita mti mzima ulikuwa umeinamia kaburi. Mama mwenye boma alisimama mlangoni pake akiutazama. Mwanawe mdogo, shemeji wa nyar Rusinga, alitazama chini. Jioni, waliniambia, mti hujiinua tena, na kesho saa sita hurudia. Saa sita, saa ile aliyokatia roho. Nilielewa sasa kwa nini jani lilisafirishwa kwenye fundo la leso.

Nami nikafanya nini? Nikafanya maonyesho. Niligeuza jani, nikapitisha kidole upande wa chini, kikatoka na vumbi la rangi ya machungwa, nikakiinua wote wakione. Nikawaambia hii ni kutu, ugonjwa wa ukungu, husambazwa na upepo na unyevu. Nikachunguza shina kama lina matundu ya viwavi na unga wa mbao, halikuwa nayo. Nikatafuta vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, kwenye makwapa ya matawi na sisimizi wanaowachunga; nilikuta wachache, nikawaponda. Kwa kioo changu niliwaonyesha vijipele vya kutu, mmoja baada ya mwingine wakichungulia, hata yule mama. Nilisema tutapogoa, tutachoma majani yaliyoanguka, tutapuliza dawa ya ukungu, ile ya kopa, na baada ya wiki sita tutaonana.

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Kutu ilikuwepo. Lakini kutu haiinamishi mti saa sita na kuuinua jioni, na hilo nililijua nikiwa nimesimama palepale na kidole changu hewani. Mti unaonyauka mchana na kupata nafuu jua likishuka unalalamika kiu, na kama udongo una maji basi kosa liko kwenye mizizi. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa na hasira na wanafunzi walioanza na majani. Alitutuma turudi na jembe. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake hodari, na siku ile sikuomba jembe.

Sababu yake ilikuwa tumboni mwangu. Nilikuwa na mimba changa ambayo hata mume wangu, aliyefundisha Migori, nilimwambia kwa kunong'ona. Kabla yake mimba mbili zilikuwa zimetoka, na mtoto wa tatu alizaliwa asilie. Mama yangu mzazi alinikalisha chini akanikataza mambo mengi, na la kwanza lilikuwa makaburi: usiende mazishini, usiruke kamba, usiguse udongo wa kaburi. Chuoni nilikuwa nimewacheka wenzangu walioamini chira. Nilikuwa na majina ya Kilatini ya kucheka nayo. Nilipopata mimba ya nne, majina yale yalinitoka kichwani yote, nikabaki na maneno ya mama.

Basi nikapuliza dawa. Nilirudi mara tatu na bomba mgongoni, nikisimama upande usio na kaburi na kuupeleka mkono mbali.

Katika safari ya pili nilimfahamu nyar Rusinga. Mpaka hapo alikuwa mtu wa kuleta maji na kuondoka. Nilikuwa nikisuuza bomba nyuma ya nyumba yake nikaona gunia limesimamishwa ukutani, limejaa, na mdomoni mwake majani makavu ya mtini. Alinikuta nikilitazama. Alikiri bila kuhangaika: kila alfajiri, kabla mavyaa hajaamka, aliokota majani yaliyoanguka usiku na kuyaficha, ili mama mkwe asijue ni mengi kiasi gani. Alikuwa na magunia mawili zaidi ndani. Nilimgombeza, nilimwambia majani hayo ndiyo yanatunza kutu, yachomwe leo. Aliitikia kila neno, kisha akauliza, "Mti utapona, madam? Niambie kama mtu, si kama ofisi."

Nilimwambia sijui. Hilo ndilo lililomfanya aniamini, nadhani, kwa sababu alikaa chini akanieleza. Mumewe alipolazwa, muuguzi mmoja alimwita pembeni akamwambia jina la ugonjwa, kisha akampima na yeye, naye alikuwa nao. Karatasi ilikuwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Hakuwa amemwonyesha mtu. Akisema, wangesema yeye ndiye aliyeuleta na kumuua mtoto wa watu. Asiposema, angerithiwa na shemeji, na shemeji alikuwa na mke, msichana mchangamfu aliyempikia uji mwaka wote wa msiba na kumwita dada.

"Yule ni kama mdogo wangu," alisema. "Nikiingia kwa mume wake, nitakuwa nimemzika kwa mkono yangu. Huu mti ukisimama, mama atawaambia waniache, na hakuna mtu atakufa juu yangu."

Nilimwambia awaambie ukweli na yaishe. Nilisema kwa ukali, kama ninavyosema mambo yote nisiyopaswa kuyabeba mimi. Alinitazama kwa upole akaniuliza kama mimi ningesema. Nilishika shughuli ya kukaza kifuniko cha bomba.

Wiki sita zikapita. Kutu ilikwisha. Majani mapya yalitoka safi, lakini madogo, nusu ya saizi yake, na saa sita mti uliinama palepale. Matunda yalikuwa yameshikilia yakiwa kama kokoto, kisha yakaanguka yote. Wazee wa ukoo walitaka kikao kabla mvua za kupanda hazijaanza. Nyar Rusinga alinitumia ujumbe kupitia watu wa sokoni: ukija, uje na jina la huo ugonjwa.

Mwisho wa wiki ile nilikwenda nyumbani Migori, na Jumamosi nikamtafuta yule mfanyabiashara. Duka lilikuwa na kila kitu, mabati, chumvi, vitambaa vya sare. Mke wake, mtu wa Pwani, alinipitisha uani aliposikia nimefuata habari za mtini. Mti mama ulikuwa mkubwa, umeegemea ukuta, na katika kivuli chake na kando yake alikuwa amelima bamia na nyanya. Nilimuuliza nyanya zinaendaje. Alicheka, akasema udongo ule una husuda: kila mwaka miche huanza vizuri kisha inadumaa. Alishika mmoja akaung'oa ili nione. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu, mikubwa kwa midogo, mfano wa shanga zilizotungwa ovyo.

Minyoo fundo. Wanaishi udongoni, hawaonekani kwa macho, huingia mizizini na kuifanya ivimbe, na mti unabaki kunywa kupitia koo lililobanwa. Mti mkubwa wa Migori uliwazoea na ulikuwa na mizizi ya kutosha. Mdogo wa Rangwe ulisafiri nao ndani ya kopo, ukakua nao, kisha wachimba kaburi wakaukata mizizi michache iliyokuwa bado mizima, na kiangazi kikamalizia. Niliona kisa chote kwa mara moja nikiwa nimeshika mche wa nyanya wa mtu. Nikafurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, ile furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu, wala sikumkumbuka mtu yeyote kwa dakika nzima.

Mke wa mfanyabiashara aliniwekea tini kwenye kisahani. "Kula mbili, mwanangu," alisema, "yako na ya mwenzio." Nilikuwa nimevaa sweta pana makusudi. Nilimuuliza amejuaje, akasema mtu anayeweka mkono pale kila anapoinama hahitaji kuulizwa.

Kikao kilikuwa Jumatano alasiri, uani, jua likiwa bado kali. Walikuwepo mama mwenye boma, mwanawe mdogo, na wazee wawili wa ukoo kwenye viti vya mbao. Mke wa mwana mdogo alisimama mlangoni mwa jikoni, akifuta sufuria ambayo ilikuwa imekauka kitambo. Nyar Rusinga alikaa chini, peke yake, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yake. Nilisimama nikaeleza. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote. Nilieleza minyoo, kopo, mizizi iliyokatwa, kwa nini mti unalegea jua likiwa utosini na kwa nini hauna uhusiano na saa aliyokufa mtu. Nilisema hata dawa iliyopo: tukate matawi ya juu yaliyo safi, tuyapande mahali pengine kwenye udongo mpya, na mtini wa marehemu utaendelea kuishi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa ombi ambalo ningelitamani kwa mkulima mwingine yeyote.

"Hiyo fundo naijua," alisema. "Nyanya yangu huwa nayo kila mwaka, hata bamia. Kama ni hiyo, nikiona sitabisha, na hawa wazee hawatabisha. Onyesha mimi."

Wazee wakaafiki. Mmoja alisema hivyo ni haki. Mama aliinuka mwenyewe akaleta jembe, akaniwekea mkononi.

"Sisi watu wa hapa hatuwezi gusa hapo, na huyu chi liel hawezi," alisema. "Lakini wewe ni serikali. Mchanga ya kaburi haikujui. Chimba kidogo tu."

Mpini ulikuwa laini kwa miaka ya kutumika. Mizizi ya mtini haiendi mbali; chini ya shibiri moja ningeukuta mmoja, nikaukata, nikampa mama mkononi, na mambo yangekwisha kabla ya chai. Nilipiga hatua moja. Kaburi lilikuwa upande wa pili wa mawe, na udongo waliouchimbua siku ya mazishi ulikuwa umemwagika mpaka kwenye shina, haikuwezekana kujua wa kaburi unaishia wapi na wa mti unaanzia wapi. Mtoto alicheza. Sijui kama alicheza kweli; ilikuwa mapema, labda lilikuwa tumbo tu na woga.

Nikasema sheria za kazi haziniruhusu kuchimba penye kaburi.

Sheria hiyo haipo. Mzee mmoja alicheka, akasema serikali anayoijua yeye ilipitisha barabara juu ya babu yake. Mwingine akasema kwa Kijaluo, akidhani au asidhani kwamba nasikia, kwamba hata msichana wa ofisi anajua kilicho chini pale, ndiyo maana anaogopa. Mama hakucheka. Aliniambia tena, polepole, nichimbe tu upande wa mbali na kaburi. Nilisimama na jembe lao. Ningeweza kuwaambia nina mimba. Wangenielewa wote, wangenifukuza pale wenyewe, na labda wangetafuta mtu mwingine wa kuchimba, fundi wa mjini, Mkisii wa sokoni, mtu yeyote. Lakini mimba iliyotangazwa mapema niliiogopa vilevile, na mimi madam nilishindwa kusema mbele ya wazee kwamba naamini yale waliyoyaamini wao.

Nilipoinua macho, nyar Rusinga alikuwa ananitazama. Hakutazama uso. Alitazama mkono wangu wa kushoto, uliokuwa umejibandika juu ya sweta, na sweta lenyewe katika jua lile. Aliyetoka kuzika mume na aliyepata kubeba watoto anajua. Aliinuka, akaja, akanitoa jembe mkononi taratibu, akaliegemeza ukutani.

"Mwacheni huyu mtoto wa wenyewe," aliwaambia. "Nimekubali. Fanyeni mnavyotaka kufanya."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilisema kitu, na sikusema. Nilichukua mkoba wangu. Aliponisindikiza mpaka kwenye ua wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu mweupe, alininong'oneza nisipite tena hapo mpaka nijifungue. Nilimwambia anisamehe. Alisema niende polepole, njia ina mawe.

Wiki ile ile akaingia kwa shemeji yake. Mvua ikanyesha, boma likapanda.

Mimi nilijifungua salama, binti mnene mwenye sauti, na mama yangu akaimba. Baadaye nilihamishwa kurudi Migori, nikashukuru, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kupanga safari zangu zote kwa njia ya kulizunguka boma lile. Huko Migori nilikuwa mkali kwa wakulima na mkali zaidi kwa wanafunzi walioletwa kwangu kujifunza. Hakuna aliyewahi kunionyesha jani bila mimi kumwambia alitupe na kwenda kuleta jembe. Saa sita mchana nilikuwa naingia ndani. Nilikuwa na mazoea, sijui niyaite nini, ya kumwamsha binti yangu akiwa amelala mchana, kuona kama shingo inasimama.

Habari zilinifikia kwa vipande, kupitia watu wa sokoni. Mwana mdogo ameugua. Amekufa. Kisha mkewe, yule wa sufuria. Nyar Rusinga aliwauguza wote wawili, waliniambia, akawaosha na kuwalisha, na kila mtu alisema ni mke mwema. Yeye alikuwa wa mwisho. Wengine walisema chira, kwa sababu alichelewa kurithiwa. Wengine walisema lile neno lingine, lakini kwa sauti ya chini. Na kuna rafiki yangu mwenye elimu aliyeniambia kwamba pengine mwana mdogo alikuwa anaumwa tangu zamani, kwamba pengine wazee wangemrithisha hata kama ningewaletea mizizi ya mti mzima. Pengine. Nilimwomba asinifariji tena.

Muongo ulikuwa unakaribia kwisha nilipokwenda. Nilijipa sababu ya kikazi, semina huko Homa Bay, lakini nilishuka Rangwe nikatembea. Mbele ya zile nyumba makaburi yalikuwa manne. Mbili kati ya nyumba zilikuwa zimefungwa. Mama alikuwa amekaa kivulini kwake akichambua mboga, wajukuu watano wa umri tofauti wakiwa shughulini, na alinitambua kabla sijafika. Mtini ulikuwa gutu, na pembeni mwa gutu vichipukizi vitatu vyenye majani madogo ya njano, ambavyo, kwa kuwa ilikuwa saa saba, vilikuwa vimelala chini.

Alinisalimu kwa Kijaluo. Tuliongea Kijaluo siku nzima, na hakunikumbusha hata mara moja kwamba niliwahi kuwa serikali. Alinieleza vifo vyote kwa mpangilio wake. Kisha akaniomba nimwonyeshe. Nilijifanya sijaelewa, akasema, "Ile mizizi. Siku ile hukunionyesha. Siogopi tena udongo wowote wa hapa, wote waliomo ni wangu."

Alichukua jembe mwenyewe. Nilimwomba nimsaidie akakataa. Alichimba kati ya gutu na kaburi la mwanawe, mipigo mifupi ya mtu mzee, na mpigo wa nne au wa tano jembe likaleta mzizi. Aliukwanyua kwa mkono, akaupangusa kwenye sketi. Vinundu vilikuwa vimejaa urefu wake wote. Hakuhitaji kioo. Aliupitisha kati ya vidole, nundu baada ya nundu, jinsi alivyowahi kuipitisha mizizi ya nyanya zake miaka yote.

"Ni hii," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku ile ulikuwa unajua ni hii?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa kidogo, wala hakunikasirikia, ingawa nilikuja nikiwa tayari kwa hasira yake na labda nikiihitaji. Aliweka mzizi juu ya jiwe la kaburi la nyar Rusinga. Akarudi kukaa, akashika tena mboga zake, akachambua majani kadhaa. Kisha akauliza mtoto wangu ana umri gani sasa. Nilimwambia ni miaka minne. Alihesabu kurudi nyuma, mvua kwa mvua, midomo ikitembea, na nilimwona alipofika kwenye siku ile ya jembe. Aliitazama nyumba ya nyar Rusinga iliyofungwa, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Mlete," alisema. "Nataka kumwona."

Nilimwahidi. Aliishi miaka mingine kadhaa baada ya hapo, na sikumpeleka.